Kiti cha Fui

Abiria wa feri walikuwa wakimiminika upande wa kisiwani, wauza karanga na maji wakiwapigia kelele, Swafia aliposikia mlio wa chuma kinachokatika. Pijo 404 ya rangi ya maziwa, kuukuu lakini imeng'arishwa, ilikuwa ikipanda mwinamo wa kutokea ferini. Kofia nyeupe iliyodariziwa dhahabu ilikuwa ikionekana nyuma ya usukani, mara haikuonekana tena, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye watu.

Swafia akatupa mfuko wake wa mboga, akafungua mlango na kuvuta breki ya mkono. Ndani, kijana alikuwa amelala chali, kiti kimepinduka naye, miguu yake ikitazama paa lililo wazi.

"Pole, kaka. Umeumia?"

"Sijui. Nilikuwa naona mbingu tu," alisema kijana. "Sasa nakuona wewe."

"Basi hujaumia."

Jina lake Huzaifa, Bohora wa asili ya Kihindi mwenye duka la kukatia vioo Mji wa Kale, na gari lilikuwa la marehemu babake. Swafia akamwambia kwamba yeye ni mchomeleaji, na karakana aliyoachiwa na babake iko Liwatoni, hapo karibu.

"Mungu amenipindua mahali pema," alisema Huzaifa.

Gari likavutwa hadi karakanani. Swafia akatundika buibui msumarini, akabaki na ovaroli ya buluu juu ya dera, kilemba amekikaza. Akatoa viti, akakunja zulia. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila sakafu hata mchanga wa chini ukaonekana. Bolti za viti zilikuwa zimeshikilia magamba ya kutu. Swafia alisukuma kidole, kikapita upande wa pili.

"Subhanallah," alisema Huzaifa kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii nimekalia zulia."

"Umekalia rehema za Mungu."

Lakini pembeni, kutu isikofika, boriti za chini ya sakafu zilikuwa nzima, na alama za kuchomelewa zimepangana sawasawa kama shanga za tasbihi. Swafia akazipapasa taratibu. Hakuwahi kuona kazi kama ile, nayo ilikuwa imefichwa mahali ambapo hapana mtu angetazama.

"Aliyefanya hivi aliipenda kazi yake," alisema.

Huzaifa naye akainama, akapapasa alipopapasa yeye.

Tangu siku hiyo simu za Huzaifa hazikukoma.

"Mgonjwa wangu yuaje?"

"Yuko chali, tumbo wazi."

"Na daktari?"

"Daktari ana njaa."

Baada ya muda Huzaifa angetokea na sambusa za moto, akakaa juu ya kreti kutazama cheche kwa kioo cheusi. Swafia akaanza kutia wanja, ingawa miwani ya kuchomelea humfutia wote kwa jasho.

Siku moja Swafia ndiye aliyempigia. "Nataka kuweka vishikizo vya kiti cha abiria. Nani hukaa hapo? Nijue nivisogeze mbele ama nyuma."

"Fui," alijibu Huzaifa bila kufikiri. "Mguu wake mmoja haukunjiki, kwa hivyo mpe nafasi. Na tafadhali, kisitikisike. Fui ndiye roho yangu."

"Utakuwa ukimchukua mara kwa mara?"

"Kila siku, mpaka mmoja wetu afe."

Swafia akasema "haya," akakata simu. Jina la Fui hakuwahi kulisikia, lakini Mabohora wana majina yao. Alijiona mjinga, yeye na wanja wake. Simu zilizofuata hakuzipokea. Huzaifa alipokuja na sambusa, hakuivua miwani. "Gari likiwa tayari utaitwa," alimwambia. Huzaifa akaziacha sambusa juu ya kreti, akaenda zake.

Lakini mikono ya Swafia haikujua kufanya vibaya. Alikata bati jipya, akaligonga juu ya gunia la mchanga mpaka likapata umbo la lile la zamani. Palipopita bolti akaongeza bati la pili, akalifunga kwenye boriti ili uzito ugawanyike. Alipofika kwenye kiti cha Fui, alikaa sakafuni mwenyewe, akanyoosha mguu mmoja kama usiokunjika, akapima. Akalia kidogo. Kisha akainuka, akachomelea.

Kazi ilipokwisha alimpigia. "Njoo. Na Fui wako umlete."

Huzaifa alikuja na bibi kizee aliyevaa rida, vazi la wanawake wa Kibohora, ya zambarau yenye lesi pindoni, akiegemea mkongojo, mguu wa kulia umekakamaa kama ubao.

"Huyu ni shangazi yangu, Bi Akila," alisema. "Kwetu shangazi twamwita fui. Ndiye aliyenilea."

Uso wa Swafia ukamwaka moto. "Nilidhani ni mkeo."

Huzaifa alimkodolea macho. "Ndiyo sababu ukaninunia?"

"Ndiyo."

Bi Akila akacheka hata akashika mlango wa gari. "Mke gani, mwanangu, wa meno ya bandia?"

"Kabla hamjakaa, tazameni," alisema Swafia. Akashusha kupitia tundu la paa la gari mnyororo wa kunyanyulia injini za boti, akaufunga kwenye vishikizo vya viti vyote viwili, akaanza kuvuta. Mnyororo ukakaza. Mafundi wa boti waliokuwa jirani wakaacha nyundo zao. Magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi, kisha ya nyuma, na Pijo nzima ikaning'inia hewani, inazunguka polepole. Sakafu haikutoa hata mlio.

Bi Akila alitamka "Allahu Akbar" kama mtu aliye msikitini. Huzaifa hakulitazama gari. Alikuwa akiitazama mikono iliyoshika mnyororo, machozi yakimlengalenga.

Gari lilipotua alisema, "Swafia, watu wangu huoana wenyewe kwa wenyewe. Nimemwambia Fui kila kitu, ndipo akataka kuja. Nataka kukuposa. Ukikataa, sitakulaumu."

Swafia akamgeukia bibi kizee, roho juu.

"Nilikuja na maneno ya kukuzuia," alisema Bi Akila. "Niliyapanga tangu nyumbani. Sasa siyaoni." Akajifuta macho kwa lesi ya rida. "Watu watasema, na wengine hawatakuja harusini. Hayo niachieni mimi. Mkubwa wenu ni nani?"

"Mjomba Aidarus. Yuko Kuze."

"Basi twende sasa hivi."

Swafia akaitazama ovaroli yake, masizi mpaka kwenye viwiko.

"Bi Akila," alisema, "niache nioge kwanza."