Chumba Kinachotaka Baridi

Simu iliingia jua likishuka, nikiwa nafunga mkoba wangu wa vifaa ili nirudi nyumbani. Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu. Mtaani wananiita Fundi Baridi. Wanaume wa kazi hii walinicheka sana mwanzoni, mpaka walipoanza kuniita kwa siri niwarekebishie walichoharibu.

"Fundi, kiyoyozi kimezima," sauti ilisema. "Njoo sasa hivi. Tafadhali."

Alikuwa Mwalimu. Alinifundisha fizikia sekondari, mimi na nusu ya mtaa, kisha akastaafu na kujifungia nyumbani kwake mwisho wa barabara. Mdogo wangu alimfanyia kazi miezi minane, kazi ya kupiga chapa, au ndivyo alivyotuambia. Sikuwahi kumshuku. Mtu aliyekufundisha kusoma mita ya umeme utaanzaje kumshuku?

Huyo mdogo wangu tulimwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Alipokuwa mtoto alizungumza hata usingizini. Siku ile ya simu alikuwa na wiki tano hajatamka neno. Alianza kwa kusahau vitu vidogo vidogo. Jina la utani la mwalimu wake wa hesabu, njia ya sokoni, wimbo alioupenda. Kisha sentensi zake zikawa fupi. Kisha akakaa kwenye kiti cha dirishani, akatazama nje, basi. Ukimlisha anakula, ukimwogesha anatulia. Daktari hakuona ugonjwa.

Shangazi, anayeishi nasi tangu mama afariki, alisema Kasuku kachukuliwa kivuli, tumeachiwa ganda, na aliyekichukua hayuko mbali. Nilimkemea. Nilimwambia uchawi ni mazungumzo ya watu wasio na kazi. Siku hizi simkemei tena.

Kumrudisha Kasuku ndilo jambo pekee nililolitaka duniani. Naomba mlikumbuke hilo kabla hamjanihukumu.

Mwalimu alinisubiri getini. Alikuwa amekonda, shati limefungwa vifungo kombo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Alinitazama kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta funguo. "Wewe ndiye fundi?"

"Mwalimu, ni mimi. Ulinisimamisha nje ya darasa muhula mzima kwa kusinzia."

"Inawezekana," alisema kwa adabu.

Ndani, kila kitu kilikuwa na karatasi. Kwenye birika, CHEMSHA MAJI, KISHA ZIMA MOTO. Kwenye mlango wa kushoto, CHOO. Kwenye picha ya mwanamke mwenye miwani, iliyoning'inia ukutani, HUYU ALIKUWA MKE WAKO. Nikajiambia ni uzee huo. Nikamwonea huruma.

Alinipeleka chumba cha nyuma. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa matofali, limebaki tundu moja la kiyoyozi, kile cha zamani ambacho kila kitu kiko ndani ya boksi moja. Joto lilinipiga usoni. Mashine nyeusi zilisimama safu tatu, ndefu kunizidi, zenye taa ndogo za kijani. Feni zake zilivuma mfululizo... vuuuuu... bila kupumzika.

Palinuka vumbi linaloungua. Na chini ya harufu hiyo, nyingine...

Mkaa uliomwagiwa maji.

Nilisimama. Mama alikuwa akizima jiko lake hivyo kila jioni. Nikajipa moyo kwamba ni jirani.

"Zinakaribia kuungua," Mwalimu alinong'ona. "Nusu saa tu, zitajizima zenyewe."

"Mbona unanong'ona?"

"Huwa wanasikia."

Sikuuliza ni akina nani. Mzee mwenye karatasi kwenye birika humdadisi sana. Nilizima umeme wa kiyoyozi, nikafungua kifuniko. Tatizo lilikuwa wazi hata kwa mwanafunzi. Kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisukuma kompresa ianze kuzunguka, kilikuwa kimevimba. Nilikuwa na kipya mkobani.

Sasa, mimi nina tabia moja kazini. Sifanyi kazi kimya. Mteja akisimama nyuma yako bila kusema, mkono hupotea njia, kwa hiyo huwa napiga soga, nauliza na kuulizwa. Mwalimu alipoanza kuuliza, nilifurahi.

"Mama yenu alikuwa anawaamshaje asubuhi?"

Lilikuwa swali la ajabu, lakini zuri. Ni lini mara ya mwisho mtu kuniuliza habari za mama? Nikamjibu, tena kwa kirefu. Yeye aliandika kwenye daftari, na mezani palikuwa na maikrofoni ndogo yenye taa nyekundu, nikadhani ni ya kumsaidia masikio.

"Na mlango wa jikoni? Ulikuwa unalia?"

Nikamjibu na hilo.

Leo sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka tu kwamba nilicheka.

Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho niliposikia nyuma yangu... kriiii... Mlango. Ila mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa. Sauti ilitoka kwenye spika mbili juu ya meza.

"Mama, joto leo."

Bisibisi ilinianguka.

Ilikuwa sauti ya Kasuku.

Kwenye meza palikuwa na kioo cha kompyuta ambacho sikuwa nimekitazama. Sasa nilikitazama. Palionekana jiko, kwa juu, kama ukichungulia kutoka darini. Sakafu ya saruji, ndoo, dirisha lenye mwanga wa asubuhi. Mdogo wangu amejilaza kwenye mkeka, na mwanamke mmoja anamwinamia. Mwanamke huyo alichovya kidole kwenye kikombe cha maji baridi, akampaka nyuma ya sikio. Kasuku akaruka akicheka.

Ulikuwa mgongo wa mama. Mama tuliyemzika miaka sita iliyopita.

"Huu ni uongo," nilisema. "Mama hakuwa akituamsha hivyo. Maji nyuma ya sikio? Hakufanya hivyo hata siku moja."

Mwalimu aligeuza daftari, akanionyesha kwa kidole. "Umeniambia mwenyewe. Robo saa iliyopita."

Nilitafuta kichwani. Nilitafuta asubuhi zote za utoto wangu. Kitanda nilikiona, na shuka la mistari. Nani alituamsha, na kwa namna gani... hapakuwa na kitu. Pangekuwa na kidonda ningeelewa, lakini palikuwa safi kabisa.

Nilimshika shati. "Umemfanya nini mdogo wangu?"

Hakujitetea. Alisema polepole, macho kwenye kioo.

"Miaka thelathini niliwafundisha sheria za maumbile. Nikajiuliza, kama sheria zenyewe ndizo zilizofanya yote haya, binadamu akizipanda upya, si zitaota? Nikaweka sheria chache ndani ya mashine, na nukta moja ya moto. Nikaiacha ipoe. Nyota zilijiwasha, Fundi. Sikuziwasha mimi. Mvua ikanyesha siku ambayo sikuipanga. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mimi niliunda."

"Nimekuuliza habari za mdogo wangu."

"Nakuja huko. Nilitengeneza na watu. Walitembea, walikula, uliwauliza wakajibu. Ila ndani yao hapakuwa na mtu. Walikuwa wanajibu tu. Nikajua kuna kitu kimoja ambacho sheria hazikunipa." Aligusa maikrofoni. "Kumbukumbu ya mtu aliyewahi kuishi. Nikaanza na za kwangu. Nikazisema zote, kila jioni. Zikisemwa hapa zinaingia kule, na hapa hazibaki. Sijui ni kwa nini. Naapa sijui. Nilikuwa na mke, angalia pale ukutani. Hazikutosha."

"Ukamchukua Kasuku."

"Nilimwambia kila kitu kabla hajaanza. Alitaka kumwona mama yake."

Nikakaa kwenye kiti chake. Nilimwonea mdogo wangu hasira siku hiyo kuliko nilivyomwonea Mwalimu. Miezi minane alikuwa anarudi nyumbani, anakula na sisi, na hakuniambia. Angeniambia ningemkataza. Ndiyo maana.

"Nikizima hizi mashine, atarudi?"

"Sijui."

"Mwalimu, usicheze na mimi."

"Huenda akarudi alivyokuwa. Huenda asiwe popote, si kule wala kwenu. Sijawahi kuzizima." Alijifuta jasho. "Ukitaka zizimike, usiguse kitu. Ondoka tu na mkoba wako. Joto litamaliza lenyewe."

Kisha alisema neno ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi.

"Umewahi kusahau jina la mtu unayemjua vizuri, kesho yake likarudi? Hujawahi kujiuliza usiku ule lilikuwa limekwenda wapi? Nani alikuwa analihitaji?"

Nilimwambia anyamaze.

Kapasita ilikuwa tayari imekaa mahali pake. Niliinuka, kwa mazoea ya kazi nikaijaribu sekunde mbili, kompresa ikazunguka, nikazima. Kulikuwa na sheria moja tu iliyobaki, ambayo kila fundi wa kazi yangu anaijua. Ukishazima kompresa usiiwashe papo hapo. Subiri dakika tatu gesi itulie, la sivyo utaiua. Nikasimama na kidole kwenye swichi, nikaangalia saa.

Dakika ya kwanza niliapa sitawasha. Nitamwacha mzee na moto wake, nikimbie nyumbani nikamkute Kasuku anapiga kelele anataka chai.

Dakika ya pili nilimsikiliza. Alikuwa anazungumza. Mungu wangu, alivyokuwa anazungumza. Alimsimulia mama ndoto aliyoota, akaikatiza, akarukia habari za viatu, akarudi kwenye ndoto. Wiki tano nilikuwa nimekaa mbele ya ule uso kimya nikiomba neno moja tu, hata tusi. Na maneno yote yalikuwa huku.

Dakika ya tatu alisema, "Mama, dada atakuja lini?"

"Mwache," mama akamjibu. "Yuko kazini."

Nilikuwa nalia. Nyumbani nilikuwa na mwili wa mdogo wangu, hapa nilikuwa na mdogo wangu. Kama kulikuwa na nafasi moja katika mia kwamba giza la mashine zile lingekuwa giza lake, nisingeweza kubofya... yaani nisingeweza kutobofya.

Nikawasha.

Kompresa ilikohoa mara moja, ikashika. Hewa baridi ikaanza kushuka. Kwenye kioo, pazia la dirisha la jikoni lilicheza. Kasuku alinyanyua uso, akatazama juu, sawasawa mahali nilipokuwa nachungulia.

"Kumepoa. Nani kaleta upepo?"

"Ni Mungu tu, mwanangu," mama alisema.

Mkononi nilikuwa nimeshika koleo.

Nilirudi nyumbani saa mbili. Shangazi alikuwa anamlisha Kasuku uji, kijiko kimoja kimoja, akimfuta kidevu. Aliniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia vumbi la kiyoyozi. Nilimshika Kasuku mkono. Ulikuwa wa moto, mzima, na haukunishika.

Tangu hapo nakwenda kwa Mwalimu kila Ijumaa. Nasema nakwenda kusafisha vichujio. Vichujio havina uchafu. Kasuku bado ananiulizia kule, kila siku, na mama bado anamjibu yuko kazini, na mtu hawezi kudanganywa hivyo milele. Kwa hiyo nakaa mbele ya maikrofoni, Mwalimu anauliza, najibu. Nahamia kidogo kidogo. Wiki ya nne, nikaona mtu anapita nje ya dirisha la jikoni akiwa na mkoba wa vifaa begani. Mwendo wangu kabisa. Kasuku alikimbia mlangoni, na nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ninayaandika haya kwa sababu Mwalimu ameniambia yaliyoandikwa hubaki. Shangazi naye anasema siku hizi nasahausahau. Nimeshaweka karatasi kwenye jiko na kwenye sanduku la fyuzi, basi, si mambo makubwa.

Ijumaa iliyopita palikuwa na mgeni kwenye kioo. Mtoto wa kike, wa miaka sita hivi, meno ya mbele hana, amekaa mapajani mwa Kasuku anasukwa nywele. Mama anamwita mjukuu wangu. Nikamuuliza Mwalimu yule ni nani. Alifungua daftari, akasoma kimya, akalifunga.

"Umenisimulia habari zake kwa saa mbili," alisema. Hakunitazama.

Niliporudi jioni ile, mlango wa kwetu ulifunguliwa na mtoto mmoja wa kike wa mtaani, mwenye pengo la meno ya mbele. Alinipokea mkoba, akaukumbatia kwa mikono miwili kwa sababu ulimzidi uzito, akaniita mama. Watoto wenye adabu huita kila mwanamke mama, nikamwitikia vizuri. Akaniuliza leo nimemletea nini. Nikamwambia giza linaingia, aende kwao, watu wake wasije wakahangaika kumtafuta.

Hakuondoka. Aligeuka akamtazama shangazi, na shangazi akaanza kulia.