Siku Niliyompeleka Elda Verona

Birika la kahawa lilianza kukoroma jikoni kabla hapajapambazuka.

Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko, koti langu la kutokea limeshafungwa vifungo, simu sikioni.

"Bibi Norina, tafadhali msirudi kabla ya jioni," sauti ilininong'oneza. "Mpaka hapo tutakuwa tumeshamaliza kumhamisha."

"Na akiniuliza?"

"Mwambie vilevile, ni matembezi ya Verona, basi. Ni kwa faida yake."

Nikasema sawa.

Wajukuu zangu mnaonisoma hapa, hiyo "sawa" bado imenikaa kooni...

Aliyepiga simu, kunikumbusha yale tuliyopanga Jumapili, ni Loredana, binti wa jirani yangu Elda. Tulikuwa tunaishi Cerea, mji mdogo wa Italia karibu na Verona, Elda ghorofa ya juu, mimi chini yake. Sote wajane. Yeye akivuta kiti, mimi nasikia. Mimi nikikohoa, yeye anagonga sakafu kuuliza kama mimi ni mzima.

Mwaka huu Elda alikuwa ameanguka kwenye ngazi, akainuka, akaanguka tena. Loredana akamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee ya masista. Aliogopa mama yake akiambiwa atajifungia ndani.

Ndipo akanitumia mimi. Mimi, rafiki. Nilipomtajia Elda safari ya Verona, alikubali kabla sijamaliza kusema.

Mlango ukagongwa. Elda huyo, kapaka rangi ya mdomo, mkononi kashika mfuko wa mikate.

"Nimekuwekea kile kipande cha mwisho cha soseji," akasema. "Najua unakipenda."

"Nawe utakula nini?"

"Mimi leo sina njaa."

Nikakosa pa kuweka macho.

Kwenye treni akanisukumia kiti cha dirishani.

"Wewe ndiye mtu wa dirisha," nikamwambia.

"Leo kaa wewe. Tazama mashamba vizuri."

Nikayatazama mashamba, ukungu umeyalalia, moyoni nasema: maskini, anachagua mtu wa kumtendea wema, na kachagua vibaya.

Sasa mnisikilize hapa. Mimi na Elda tuna desturi yetu ya kahawa. Leo nalipa mimi, kesho analipa yeye. Tangu tuzike waume zetu tulikuwa hatujawahi kukosea zamu, hata tukiwa tumenuniana. Hata mwenye mkahawa wa Cerea anajua ni nani wa kumpa risiti.

Siku ile ilikuwa zamu yangu. Tulipofika Verona tukaingia mkahawa wa karibu na daraja, tukanywa tukiwa tumesimama. Nikaenda kwa keshia.

"Imeshalipwa, bibi."

Nikageuka. Elda anafunga pochi yake.

"Elda, hii ni zamu yangu."

"Zamu zipo tu, mwenzangu. Niache leo."

Macho yake yalikuwa na maji. Nikadhani ni baridi.

Basi mchana mimi nikamuwahi. Kabla hatujakaa mezani nilimvuta mhudumu pembeni, nikamlipa kila kitu. Tukala bigoli, zile tambi nene za kwetu, kwa mchuzi wa bata. Elda alikula kidogo, akanimegea nyama yake bila kusema. Halafu akasema anakwenda chooni.

Hakwenda chooni. Alikwenda kwa mhudumu.

Mhudumu akaja mezani, mikono kiunoni. "Mabibi, mmoja wenu ameshalipa na mwingine analia anataka kulipa. Kuna harusi ambayo mimi sijaalikwa?"

Elda alinitazama kana kwamba nimemnyang'anya kitu.

Mimi nilitaka kumlipia chakula kwa sababu nilikuwa nimemuuza. Ndiyo, nayaandika kama yalivyo. Lakini yeye alikuwa na sababu gani? Swali lilinijia, nikalifukuza.

Tukatembea mpaka ule ua wenye roshani ambayo wapenzi wa dunia nzima wanakuja kuitazama. Vijana wamejaa, wanapiga picha, wanabusiana, wanabandika majina yao ukutani.

"Tazama mapenzi haya," Elda akasema. "Hakuna hata mmoja hapa aliyewahi kumfulia mwenzake soksi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono wa koti.

"Norina, siwezi tena."

"Umechoka? Tukae."

"Saa hizi mwanao anatoa vitu vyako nyumbani."

Sikuelewa.

"Ivano," akasema. "Anakuhamishia kwake Padova. Tangu ile siku ulipoacha gesi inawaka ukaenda kanisani, hapati usingizi. Aliniomba nikutoe nyumbani leo ili usione. Nikakubali... Nisamehe."

Mwanangu. Na Elda.

Wajukuu zangu, mnadhani nilifanya nini? Mnadhani nilimkumbatia, nikamwambia tuko sawa?

Nilimfokea.

"Wewe? Wewe ninayekuachia ufunguo wangu? Unanilisha soseji huku unanitoa nyumbani kwangu? Rafiki gani wewe?"

"Sema yote, Norina. Una haki."

"Haki? Hata mbwa hafanyiwi hivi!"

Watu wakageuka. Elda akakaa kwenye jiwe la ukutani, akafunika uso. Na mimi niliendelea. Dhambi yangu ilikuwa mdomoni mwangu kama tonge, nami nikamtupia yeye peke yake. Nilijisikia msafi kwa muda, na huo muda ndio unaoniumiza zaidi ya siku yote.

Binti mmoja mgeni, sijui wa nchi gani, aliacha kupiga picha. Akainama, akampa Elda tishu, akamshika bega. Kisha akanitazama.

Nikaacha kufoka.

"Elda."

"Niache nilie kidogo."

"Na wewe wanakuhamisha."

Akainua kichwa. "Nani?"

"Loredana. Leo hii. Amekupatia chumba kwa masista."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Akajifuta pua polepole, akaikunja tishu.

"Na bado umenifokea? Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti ile?"

"Ndiyo, Elda."

Akatikisa kichwa. "Nipeleke kwenye treni. Na dirishani nakaa mimi."

Tulifika Cerea jua likiwa bado lipo. Gari la mizigo lilikuwa mlangoni. Moja tu... wanetu walikuwa wamelikodi pamoja. Cherehani yangu imeegemea godoro la Elda. Ivano amekaa kando ya barabara kwenye kiti cha jikoni kwangu, anakula mkate.

"Mama, mbona mmerudi mapema?"

"Shusha cherehani yangu."

"Mama, mimi nilifikiri kwamba..."

"Tutazungumza habari za gesi, nami nitakusikiliza. Lakini kwanza shusha, Ivano."

Akashusha.

Elda alikuwa amesimama mbele ya binti yake. Nilingoja apige kelele.

"Hiyo nyumba ya masista ina ngazi?" akauliza.

"Ina lifti, mama."

"Na dirisha la chumba?"

"Linatazama bustani."

"Basi ningekubali."

Loredana akaanza kulia. "Niliogopa utakataa."

"Hukuniuliza, mwanangu. Magoti yangu yamechoka zamani. Ningefunga mwenyewe mizigo yangu, nikachagua mwenyewe vikombe vya kubeba." Kisha akanigeukia. "Hata wewe, Norina. Ungepanda ngazi uniulize."

Hilo ndilo lililonimaliza. Niliiba siku moja nzima kwa ajili ya kitu ambacho angenipa kwa swali moja.

Alihama wiki iliyofuata, kwa kutaka kwake. Nilimsaidia kukunja mashuka. Mimi nimebaki kwangu, na Ivano amenifungia kifaa kinachozima gesi chenyewe. Juu yangu sasa hakuna anayevuta kiti.

Mtu akikuomba umdanganye mwenzako kwa faida yake, muulize kwa nini hawezi kumwambia mwenyewe. Na usijifiche nyuma ya kusema nawe ulidanganywa. Mimi nilidanganywa, kweli. Lakini nilikuwa nimeshakubali kudanganya kabla sijajua.

Alhamisi huwa napanda basi kwenda kwa masista. Mara ya kwanza Elda alinipokea mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, koti mpaka viatu.

"Umetumwa na nani leo?"

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

Akanivutia kiti.

"Basi Alhamisi ijayo uje tena."