Leo ya Siku Gani?

Asubuhi katika mtaa wa Majengo, mjini Goma, huanza na kelele za mabidoni matupu ya maji. Jua likichomoza, wanawake wamekwisha kupanga foleni kwenye robine, bomba la mtaa. Wanangoja maji. Na wakiwa wanangoja, wanataka habari.

Kwa miaka ishirini habari hizo zilitoka kinywani mwa mtu mmoja, Viateur, kwa sababu Viateur alikuwa na megafoni. Msiba, mkutano wa shefu wa avenyu, chanjo ya watoto, mbuzi aliyepotea, vyote vilipita kwake. Mwaka wa 2002 volkano ya Nyiragongo ilitapika moto mpaka katikati ya mji. Viateur alizunguka avenyu kwa avenyu akiwaita watu wakimbie. Watu hawakusahau. Yeye mwenyewe alihakikisha hawasahau.

Mwaka wa 2021 volkano ilitapika tena. Siku watu walipoambiwa wahame mji, Viateur alishika megafoni, akabonyeza, ikanyamaza. Betri zilikuwa zimekufa. Lakini jirani yake Fabiola alikuwa amekwisha kuandika kwenye simu njia gani ni nzuri ya kwenda mji wa Sake. Watu walisoma, wakaenda.

Fabiola aliuza mega za simu, yaani bando za intaneti, chini ya mwavuli, karibu na robine. Watu waliporudi mjini, maji yalikuwa shida. Basi aliendelea kuandika robine gani inatoa maji, na saa ngapi. Alifungua blogu, akaiita Majengo Yetu. Blogu ni kama daftari lililo kwenye intaneti. Wewe unaandika, na kila mwenye simu anaweza kusoma.

Tangu hapo roho ya Viateur haikutulia. Akimwona mtu ameinamia simu, alijua anamsoma Fabiola. Akisikia "aksanti, Fabiola", chakula kilimkwama kooni. Hata maji ya kunywa yalitoka kwenye robine iliyotajwa na Fabiola, naye aliyanywa kwa hasira.

"Huyu mutoto alikuya hapa juzi tu," alimwambia mkewe, Nyirakamana. "Sasa anajua Majengo kunipita mimi?"

"Papa Mahoro, wivu itakuua," mkewe alijibu. Alimwita hivyo kwa jina la binti yao. "Yeye anaandika, wewe unasema. Kila mutu na kazi yake."

"Mimi sina wivu."

Alisema hivyo akiwa ameuma meno. Siku ileile alimwomba Mahoro amfungulie blogu yake. Binti alimaliza kazi hiyo mchana mmoja, kwa simu tu. Viateur aliiita Sauti ya Kweli ya Majengo. Neno "kweli" aliliweka ili Fabiola alione.

Fabiola aliliona, wala hakukasirika. "Félicitations, hongera, Papa Viateur," alisema. "Ukitaka, nitakuonyesha namna ninafanyaka."

"Mimi nilikuwa natangaza wakati wewe uko kwa masomo ya primaire," Viateur alijibu, akaenda zake.

Mwaka wa 2022 vita vilichacha huko Rutshuru, kaskazini mwa Goma, kati ya waasi na jeshi. Barabara ya kaskazini ilikuwa nzuri leo, mbaya kesho. Jambo hilo lilimgusa kila mtu Majengo, kwa sababu maharagi hutoka huko. Nyirakamana mwenyewe alikuwa muuzaji wa maharagi.

Jumatatu moja Bagalwa, dereva wa moto, pikipiki ya abiria, alisimama kwenye mwavuli wa Fabiola kuchaji simu. "Nimetoka Kalengera, kule Rutshuru," alisema. "Nimepita bila shida."

Fabiola aliandika maneno hayo katika daftari. "Ni wewe mumoja tu umeona," alisema. "Ningoje mutu wa pili."

Viateur alikuwa amesimama hapo karibu, masikio wazi. Aliona nafasi yake. Aligeuka pembeni, akaandika upesi: LEO BARABARA NI NZURI MPAKA KALENGERA. WENYE BIASHARA, ENDENI. Hakuongeza neno.

Habari ikasambaa. Watu walitumiana kwenye simu. Saa moja baadaye Fabiola naye aliandika, akaweka tarehe, saa, na kwamba madereva wawili wameona. Viateur alicheka. "Amechelewa," alisema moyoni. Usiku huo alilala usingizi mtamu.

Jumatano mambo yaligeuka. Risasi zilisikika karibu na barabara. Fabiola alikuwa wa kwanza kuandika kwamba watu wasiende. Viateur alisoma. Alijua kuwa ni kweli. Lakini angeandikaje habari ambayo Fabiola amemtangulia? Aliona afadhali kunyamaza. Wivu ulimfunga mkono, basi maneno yake ya Jumatatu yakabaki palepale juu ya blogu yake.

Alhamisi aliondoka alfajiri kwenda kutangaza mazishi mtaa wa Ndosho. Aliporudi mchana, hakumkuta mkewe.

"Mama iko wapi?" alimwuliza Mahoro.

"Ameenda Kalengera kununua maharagi. Ile groupe yao ya bamama imetuma message asubuhi. Inasema leo barabara ni nzuri."

"Nani ameandika vile?"

Mahoro alitazama chini. "Ni wewe, papa. Nilimwambia mama angoje. Akasema, kama ni papa yako ameandika, iko kweli."

Viateur alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walisema, lakini huyu alikuwa amemwingiza mkewe.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, na ndiye ambaye yeye Viateur alimwonea wivu. Alisimama mbele ya mwavuli. "Fabiola, mutoto wangu, nisaidie. Mama Mahoro ameenda Kalengera, sababu ya ile habari yangu."

Fabiola hakumcheka. Alivuta kiti. "Kaa, papa. Ukisema na megafoni, sauti inaisha palepale. Mutu wa kesho hataisikia. Lakini maandishi inabaki. Leo yako ya lundi, ya Jumatatu, mutu anaisoma jeudi, Alhamisi, anafikiri ni leo yake."

"Sasa tufanye nini?"

"Kwanza tusahihishe, sababu batu bengine banaweza kuwa bako njiani. Usifute tu, maana bale banatumiana hawatajua. Andika juu kabisa, kwa tarehe na saa. Habari hii ilikuwa ya lundi. Sasa barabara ni mbaya. Nimekosea."

Viateur aliandika yote mpaka akafika kwenye neno la mwisho. Hapo kidole kilisimama. Katika miaka ishirini hakuwahi kulitangaza neno hilo. Kisha alimkumbuka mkewe, akaliandika.

"Mama Mahoro nitamutafuta kwa blogu yangu," Fabiola alisema. "Unakubali niweke picha yake?"

"Weka."

"Na bale hawana simu? Mimi sina sauti, papa. Wewe uko nayo."

Akampa betri mpya. Viateur alipanda moto mpaka mahali magari ya kaskazini yanapojaza abiria. Aliinua megafoni. "Bamama, musiende. Ile habari ya Kalengera ilikuwa ya lundi. Barabara iko mbaya."

Gari moja lilikuwa limekwisha kuwasha. Wanawake wanane wakateremka na magunia yao matupu. Mmoja wao, Clotilde, alimjia na mikono kiunoni. "Si ni wewe uliandika?"

"Ni mimi. Nimekosea."

Mara ya pili neno lilitoka kwa urahisi kidogo.

Kutoka hapo alikwenda Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, akasimama kando ya barabara. Watu walikuwa wanashuka kutoka Rutshuru kwa mamia, magodoro kichwani, vyombo juu ya chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma. Alitazama kila uso. Saa tisa Fabiola alipiga simu. "Papa, mutu amesoma blogu. Ameona mama kule Kibumba, kwa barabara. Iko muzima, anashuka na miguu."

Viateur alimshukuru Mungu kwa sauti. Na papo hapo roho ikamchoma kidogo kwamba blogu iliyompata mkewe ni ya Fabiola. Ndivyo ulivyo wivu. Hauna haya hata siku ya shida.

Nyirakamana alifika kabla ya jua kuzama, vumbi mpaka kwenye nyusi. Gari walilopanda lilikuwa limegeuzwa njiani kwa risasi, na magunia yake yalipotea walipokimbia. Viateur alifungua mikono. Mkewe hakuisogelea.

"Ile leo yako ilikuwa ya siku gani?" aliuliza.

"Ya lundi."

"Mimi niliisoma jeudi."

Akatangulia mbele kuelekea nyumbani.

Wiki ileile Viateur alimwendea Fabiola ili afundishwe. Aliona kwamba blogu haitaki mashine kubwa. Inataka simu, mega kidogo na uaminifu mwingi. Alijifunza kuanza kila habari na tarehe, saa na mahali. Alijifunza kungoja shahidi wa pili, hata kama mwingine atamtangulia. Hakuweka picha ya mtu bila kumwomba, hasa wakimbizi. Hakuandika askari wako wapi, maana habari kama hiyo huua. Na akikosea, alisahihisha juu kabisa, mbele ya macho ya wote.

Wakaunganisha blogu zao. Kila asubuhi Fabiola aliandika, na Viateur alisimama kwenye robine akiwasomea wasio na simu. Watu wakaacha kutembea bure na mabidoni. Mjane Philomène alimpata dada yake aliyekimbia mji wa Kiwanja, kule Kanyaruchinya, kwa sababu jina lake lilisomwa.

Nyirakamana tu ndiye aliyebaki na mashaka. Kila asubuhi alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, kisha akaenda kwenye mwavuli kumwuliza Fabiola kama ni kweli. Kila asubuhi Viateur alimwona akienda, na roho ikamwuma kuliko siku zote za wivu wake. Aliendelea kusoma.

Asubuhi moja aliinua megafoni kama kawaida. "Leo," alianza.

"Ya siku gani?" Nyirakamana aliuliza kutoka kwenye foleni. Watu wakacheka, na Fabiola akacheka kuwapita.

"Leo mardi, Jumanne, tarehe sita desemba 2022, saa kumi na mbili na nusu asubuhi," Viateur alisema. "Robine hii haina maji. Maji iko robine ya karibu na kanisa. Mimi na Fabiola, sisi bawili, tumeenda kuona."

Nyirakamana aliinua bidoni lake. Alipita mbele ya mwavuli wa Fabiola bila kusimama, akaelekea robine ya karibu na kanisa.