Makopo Nyuma ya Magunia ya Unga

Kila asubuhi, mikate ikiwa bado ina joto, Halijaugua alifuta gari lake. Alianza na kioo, akashuka kwenye taa, akamalizia na tairi. Alikuwa na kitambaa maalumu cha kazi hiyo, na ole wako ukikishika ufutie meza.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la kubebea mizigo. Mkewe alioka mikate, yeye akaisambaza: hospitali, shule mbili, na maduka ya barabara kuu. Mkate usiofika dukani hausomeshi watoto. Nyumba nzima ilikula kwa gari lile.

"Gari langu halijawahi kuugua," aliwaambia madereva wenzake kila siku. "Mimi na mafundi tunasalimiana tu njiani."

Wakamcheka mpaka wakambandika jina, Halijaugua, na jina likamganda.

Sasa nikupe siri yake, maana hata mkewe hakuijua. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, mkewe akiwa anaoga, Halijaugua alifungua boneti akamimina oili. Lita nzima. Injini ilikuwa inainywa kama mtu mwenye kiu. Kopo tupu alilificha stoo, nyuma ya magunia ya unga. Mara ya kwanza alijisemea ni leo tu. Makopo yakafika kumi na manne.

Kwa nini asiseme? Aibu, basi. Mkewe alitaka gari jingine, yeye akang'ang'ania hili. Alibishana wiki nzima mpaka akashinda. Mtu akishinda ubishi wa namna hiyo, kurudi nyuma ni kazi.

Ijumaa moja alikuta duka la vipuri limefungwa. "Litavumilia," akasema. Jumanne ya wiki ya pili baada ya hapo, akipanda kilima cha hospitali, taa nyekundu ya oili iliwaka. Akakanyaga mafuta. Moshi wa buluu ukatanda nyuma.

Pikipiki ikampita, ikasimama mbele yake. Aliyeshuka alikuwa jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi katika karakana ya wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lile. Mtaa mzima ulimwita Fundi.

"Shemeji, zima injini. Sasa hivi."

"Nimebakiza kilima tu, shemeji."

"Taa hiyo ikiwaka, husogei hata hatua. Injini bila oili ni chuma kusuguana na chuma. Utaiua kabla hujafika getini."

Akazima. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu. Akainama, akachungulia chini ya gari. Hapakuwa na tone.

"Halivuji. Kwa hiyo linakunywa. Tangu lini?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza," alisema Halijaugua, macho yakiwa kwenye mikate.

Jioni ile Fundi alikwenda kwao. Akaomba kadi ya gari, akailinganisha namba ya chasisi na ile iliyo chini ya kioo cha mbele. Kisha akaitafuta kwenye orodha ya kampuni katika simu yake.

"Gari lenu limo," akasema. "Injini za aina hii zilizotengenezwa katika miaka miwili fulani, pamoja na hii yenu, zina ringi dhaifu. Ringi ni pete zinazoizunguka pistoni. Zinazuia oili isipande juu ikaungua. Zikichoka, oili inaungua, na ndiyo ule moshi wa buluu. Kampuni inajua, na imetangaza kuzibadilisha bure."

"Kama inajua, mbona haikutuambia?" mke aliuliza.

"Ilimwandikia mnunuzi wa kwanza. Nyinyi mlinunua mkononi mwa mtu, barua ikaenda kwake. Gari la mkononi, uliza mwenyewe kwa wakala, ukiwa na namba ya chasisi."

Halijaugua alishusha pumzi. Kumbe kosa halikuwa lake.

"Ila lazima tupime," Fundi akaendelea. "Karakana itajaza oili hadi alama ya juu. Mtatembea kilomita elfu moja, kisha mrudi. Katikati mpime wenyewe, mwandike. Msiongeze hata tone. Taa ikiwaka, simameni mnipigie."

Mke akatoa daftari jipya. Katika kilomita mia tano alipima mwenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Akaandika tarehe, kilomita, na maneno haya: *Imeshuka nusu ya njia.*

Mambo yalikwenda sawa hadi asubuhi ya kurudi karakana. Halijaugua aliliosha gari likang'aa. Alipomaliza, roho ikaanza kumsumbua. Wageni wataifungua boneti waone oili ilivyoshuka. Watasema nini juu ya mwenyewe? Mkono ukaenda stoo peke yake, ukachukua kopo alilokuwa amelinunua kwa siri. Lita moja ikaingia. Ndugu yangu, ni sawa na kumshusha mtoto homa mlangoni mwa daktari, kisha ukasema mtoto anaumwa.

Kule karakana, msimamizi alipima mara mbili. Oili ilifika alama ya juu.

"Gari hili zima," akasema.

"Haiwezekani," mke alisema, akafungua daftari. "Tazama hapa. Kilomita mia tano ilikuwa imeshuka."

Msimamizi alisoma, akalifunga. "Mama, kila siku tunaletewa daftari. Watu huandika wanachotaka ili watengenezewe bure. Hili linasema uongo. Na wewe, Fundi, uliyewaleta, tutaongea baadaye."

Mke alilikumbatia daftari kifuani. Kwa miaka yote aliyouza mikate, hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Halijaugua alimtazama, moyo ukamuuma kweli kweli.

"Daftari halisemi uongo," akasema. "Mwongo ni mimi. Niliongeza asubuhi hii, na nimekuwa nikiongeza miezi yote hii. Makopo yapo nyumbani."

"Makopo mangapi?" mke aliuliza.

"Kumi na tano sasa."

"Yako wapi?"

"Nyuma ya unga."

"Unga wangu?"

"Unga wako."

Msimamizi akatikisa kichwa. "Ndiyo maana hatuwaamini wateja."

"Na wao watuamini kwa lipi, mkuu?" Fundi alisema taratibu. "Ringi hizi tulijua ni mbovu mwaka mzima kabla ya kutangaza. Tuliona aibu, kama shemeji. Yeye amekiri mbele ya mkewe."

Msimamizi akamgeukia mke. "Mama, daftari lako nimelitukana. Nisamehe. Tunaanza upya, na mara hii tutatia lakiri, muhuri wa kufunga, kwenye kifuniko cha oili na kwenye kijiti, mtu asifungue."

Baada ya kilomita elfu nyingine, lakiri zilikuwa nzima, na oili ilikuwa alama ya chini kabisa. Msimamizi alisaini kibali papo hapo. Ringi na pistoni zikabadilishwa bila malipo. Kwa siku nne mikate ilisambazwa kwa gari la karakana. Walipolichukua lao, mke alidai karatasi yenye kazi iliyofanyika na muda wa dhamana. Akaisoma yote ndipo akapokea ufunguo.

Makopo kumi na matano yalitoka stoo. Halijaugua aliyabeba mwenyewe mchana kweupe, majirani wakitazama, akayapeleka karakana kwenye pipa la taka za oili. Alitembea kifua mbele. Mkewe alikuwa kando yake, anacheka.

Wiki ile ile, kwenye maegesho ya hospitali, dereva wa teksi alikuwa akifuta gari lake. Lilikuwa la aina ile ile, la mwaka ule ule.

"Vipi, Halijaugua?" akaita. "Hili langu nalo halijawahi kuugua."

"Langu liliugua," alijibu Halijaugua, kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Likatibiwa, na cheti ninacho." Akatoa daftari la mkewe, karatasi ya karakana ikiwa ndani, akaliweka juu ya boneti ya teksi. "Wewe makopo yako unaficha wapi?"

Dereva wa teksi alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akashusha sauti.

"Chini ya kitanda," akasema.

"Yalete," alisema Halijaugua. "Na kadi ya gari."