Zamu ya Mwenzetu

Benchi lilikuwa na joto.

Si joto la kuunguza. Ni ule uvuguvugu wa kiti alichokikalia mtu mwenye makalio mapana, akanyanyuka sasa hivi. Chepe alikaa, akaruka, akakaa tena. Benchi la saruji, kalijenga kwa mikono yake, liko chini ya mabati mapya, jua haliligusi hata kwa bahati mbaya. Akapapasa. Pembeni baridi. Katikati vuguvugu.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Kivuli chako," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Umemaliza kazi, sasa unatafuta wa kugombana naye."

Chepe akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka siku hiyo. Kazi yake ni kutengeneza nyua za watu: anasawazisha udongo, anamwaga zege, anapanga vigae, anaondoka na vumbi kwenye kope. Mtaa mzima wanakula na kufua juu ya sakafu zake, lakini uani kwake mwenyewe palikuwa tope, matofali ya kukanyagia na kamba moja ya nguo iliyolegea kama shavu la kikongwe. Kinyozi hajinyoi, ndiyo hivyo.

Sasa uani palikuwa pameng'aa. Sakafu laini, sinki la kuoshea vyombo, kamba mbili zimekazwa, benchi refu, na juu mabati kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa mpaka. Mkewe ni msusi. Miaka yote alisuka sebuleni, nywele za wateja zinaingia hadi kwenye mboga. Sasa amepata pa kufanyia kazi, na hewa ipo.

Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa kwa dada yake Chepe kwa wiki hiyo. Mama.

Mama alikuwa na sheria yake ya uani, ya tangu Chepe hajaota meno. Asubuhi fanyeni mnachotaka. Lakini jua likisimama utosini, uani kukawa hakuna kivuli hata cha kuku, kila kitu ndani: nguo, mabeseni, vigoda, watoto. Mlango unafungwa. Hakuna kutoka mpaka jua litelemke, kivuli cha ukuta wa mpaka kitambae polepole kije kigusane na kishimo cha maji machafu. Hapo ndipo Mama anafungua mlango.

"Kwa nini, Mama?"

"Zamu ya mwenzetu."

"Mwenzetu nani?"

"Umeambiwa zamu ya mwenzetu. Wewe ukiwa chooni kuna mtu anakugongea mlango?"

Basi. Watoto wakacheka, wakakua, wakazoea. Ila msusi hakuzoea. Wateja wake wengi wanataka kuja mchana, kazini wakipumzika. Ndipo mume na mke wakakubaliana: Mama aende kumsalimia binti yake, akirudi akute kazi imekwisha. Mzee hawezi kubishana na zege lililokauka.

Aliporudi hakubishana. Alisimama mlangoni na kifurushi chake, akatazama sakafu, akatazama sinki, halafu akainua uso akatazama mabati muda mrefu sana.

"Si pazuri, Mama?" Chepe akasema. "Utakuwa unapunga upepo hapa."

"Pazuri, mwanangu. Kivuli cha ukuta kiko wapi?"

"Kivuli? Sasa hivi kivuli kipo kila mahali. Ndiyo faida ya bati!"

Mama akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Kwanza harufu, kama nywele zilizobabuka kwenye moto, na chini yake harufu ya udongo uliofukuliwa. Msusi akasema ni nywele za bandia anazochoma ncha. Halafu kamba. Nguo zikianikwa mchana zinakutwa zimekunjwa vizuri, zimepangwa sakafuni kwenye mstari, kama mtu anayekurudishia vitu vyako kwa adabu huku amechukia. Halafu kukwaruza: kitu kizito kinavutwa sakafuni, taratibu, kutoka benchi hadi kwenye kishimo cha maji, kinatulia pale, kinarudi benchi. Kinakwenda kuangalia. Kinarudi. Mchana kutwa.

"Paka," alisema Chepe.

"Paka wa kuburuta gunia?" mkewe akamjibu, lakini kwa sauti ndogo.

Siku iliyovunja kila kitu alikuwepo mteja, dada mmoja muuza viatu, mcheshi, mdomo haufungi. Kakaa kwenye kigoda chini, msusi kakaa nyuma yake kwenye benchi, anaanza upande wa kushoto. Jua lilikuwa utosini. Wamesengenya nusu ya mtaa, wamecheka, kisha muuza viatu akakunja uso.

"Shoga, mwambie msaidizi wako asivute hivyo. Ananing'oa."

"Msaidizi gani?"

"Huyu wa upande wa kulia. Mikono yake baridi, jamani! Katoka kuosha vyombo?"

Msusi alikuwa ameangalia upande wa kulia wa kichwa cha mteja wake, upande ambao hakuwa ameugusa tangu asubuhi, na ulikuwa umeshasukwa, wote, kuanzia paji la uso hadi kisogoni, vimisuko vyembamba kuliko uzi wa kushonea, vimepindana na kurudi na kuzunguka kwa mtindo ambao yeye na miaka yake yote ya kusuka hajawahi kuuona kichwani kwa mtu, na wakati anauangalia, msuko mmoja ulikuwa bado unakwenda, unajisuka polepole hewani, na pale pembeni yake kwenye benchi, pasipo na mtu, paja lake lilihisi joto la paja lingine.

"Inuka," alinong'ona. "Inuka, shoga. Usigeuke. Twende ndani."

Misuko ile haikufumuka. Walijaribu kwa kitana, kwa sindano, kwa mafuta. Mwisho wembe ukapita, na muuza viatu mwenye mdomo usiofungika akaenda kuisambaza habari mtaani akiwa na kipara cha upande mmoja. Wateja wakakatika kama maji ya bomba.

Chepe akaleta mganga. Mganga mwenyewe mtu wa majigambo, kaja na mkoba, marashi, na viatu vinavyong'aa kuliko sakafu.

"Majini nawatoa hadi maofisini," alisema. "Hawa wa uani ni wa kujifunzia."

Akavua viatu, akafukiza ubani, akakaa katikati ya benchi, akafumba macho, akaanza kisomo. Chepe na mkewe wamejibanza mlangoni. Sauti ya mganga ikapanda, ikapanda, ikakatika. Akafumbua macho. Akasogea kidogo kushoto, kama unavyompisha mtu kwenye kiti. Akasogea tena. Akafika ukingoni, tako moja ndani, moja nje.

"Samahani," mganga aliiambia hewa. "Samahani sana, mkubwa. Sikujua kuna mtu."

Akanyanyuka, akapita katikati yao bila kuwatazama. Viatu hakuchukua. Mkoba hakuchukua. Huko nje walimsikia anakimbia.

Jioni hiyo Mama ndiye aliyefungua mdomo, amekaa kitandani, miguu haigusi chini.

"Nilipoolewa, bibi yako alinisimamisha pale uani akanionyesha ule mstari wa kivuli. Akaniambia, huyu tumemkuta hapa. Hana ubaya. Kivuli kikiisha, anatoka kupumzika. Kivuli kikifika kishimoni, anarudi kwake. Tunapishana. Mimi nimepishana naye maisha yangu yote, hajanivunjia hata sahani." Akamgeukia Chepe. "Wewe umemfunikia saa yake. Ametoka, anakwenda kishimoni kuangalia kama zamu imekwisha, haoni mstari. Anarudi kukaa. Ataondokaje? Ng'oa mabati, mwanangu."

Chepe alitazama mikono yake. Msusi alitazama ukuta.

"Tung'oe?" msusi akasema. "Turudi kwenye tope? Mama, tangu nije nyumba hii nasuka watu sebuleni, tunakula nywele. Kuna siku moja mtu wa humu alinihurumia mimi, au huruma ni ya mashetani tu?"

Chepe, ambaye neno lake moja lingetosha, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko alikokuja kukukumbuka baadaye kuliko kitu chochote.

Mama akashuka kitandani. "Basi nileteeni mto wangu. Kama hakuna kivuli cha kumwambia, ataambiwa na mtu."

Kuanzia hapo Mama akawa wa uani. Asubuhi anatoka na mto wake, anakaa upande mmoja wa benchi. Jua likifika utosini, analijua kwa kuchungulia kivuli cha paa la jirani juu ya ukuta, anasema, "Karibu, mwenzangu, zamu yako," anajisogeza pembeni, na wa ndani wanafunga mlango. Baadaye wanamsikia: "Zamu imekwisha, mwenzangu." Kinaburutwa kitu hadi kishimoni. Kimya. Harufu inakata.

Ilifanya kazi, wallahi. Nguo zikakaa kwenye kamba. Wateja wakarudi mmoja mmoja, wakaanza kumsalimia bibi wa benchi. Uani pakawa uani kweli, watu wanakula, wanafua, wanacheka. Mama tu ndiye aliyekonda. Mchana wote chini ya bati, linavyochemka! Akiingia ndani hata kujinyoosha mgongo, kukwaruza kunaanza.

"Mama amepata kazi uzeeni," Chepe alitania siku moja. Mama alicheka pia. Kicheko cha meno tu.

Sasa sikia binadamu alivyo. Ukimpa mkono anataka bega. Wateja wa mchana, wale wenye hela, walikuwa wanasubiri sebuleni mpaka zamu iishe, wanachoka, wanaondoka. Msusi akamtuma mumewe, na mume akaenda, akachuchumaa mbele ya benchi.

"Mama, hivi yeye si anakutegemea wewe tu? Haoni jua."

"Haoni."

"Sasa si umwambie imekwisha mapema? Kidogo tu."

Mama alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa joto.

"Unataka nimdanganye."

"Si kumdanganya, Mama. Kumharakisha."

"Yule hajawahi kunidanganya mimi."

"Mama, mimi ni mwanao. Yeye ni nani yako?"

Hilo ndilo neno lililomaliza. Mama aliinamisha kichwa, akavuta kanga yake. "Sawa, baba. Kwa ajili yako."

Siku ya kwanza aliita zamu imekwisha mapema kidogo, kitu kikaburutwa kishimoni, kikasimama pale muda mrefu kuliko kawaida, kisha kimya. Siku zilizofuata mapema zaidi. Harufu ya nywele zilizobabuka ikawa inabaki, nyepesi, nyuma ya kila kitu. Mpaka ikafika siku ambayo wateja walikuwa wamejaa sebuleni, na Mama alisema "Karibu, mwenzangu," na hata pumzi hazijashuka akasema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu, "Zamu imekwisha."

Hakikuburutwa kitu.

Wakasubiri. Chepe alikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, akasikia Mama anarudia, "Imekwisha, mwenzangu," halafu akasikia Mama anasema, taratibu, kama anamjibu mtu, "Ndiyo. Ndiyo, nilisema uongo. Ni mtoto wangu aliniomba," halafu sauti nyingine ndogo, ya kukwaruzana, unywele juu ya unywele, sauti ambayo kila mwanamke pale sebuleni aliitambua kwa sababu wote wamekua nayo masikioni, na komeo halikufunguka, Chepe anavuta, anapiga bega, anaita "Mama! Mama!", jasho linamwingia machoni, na sauti ile ya kusuka inaendelea bila haraka ya kumaliza na bila kupumzika, mpaka yenyewe ikaisha, na komeo likateleza lenyewe kama limepakwa mafuta.

Mama alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mikono mapajani. Kanga imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni yake kwa adabu. Mvi zake fupi, ambazo hazikuwahi kutosha kushikika kwa vidole, zilikuwa zimesukwa zote, vimisuko vyembamba kuliko uzi, vimezunguka na kupindana. Macho yako wazi, yanachungulia juu ya ukuta, yanatafuta jua. Hakuwa anapumua.

Kabla hajaoshwa, msusi alikaa naye na kitana, analia, anafumua. Hakuna msuko hata mmoja uliokubali. Wembe hakuthubutu. Mama akazikwa na misuko ile.

Waliporudi kutoka makaburini, Chepe hakuvua hata nguo. Alipanda ukutani na nyundo, akang'oa mabati yote, moja baada ya moja, akayatupa nje, mikono inachuruzika damu, na hakuna aliyemwambia pole. Jua likaingia uani. Mstari wa kivuli ukaanza kutambaa juu ya sakafu yake laini, ukafika kishimoni. Kitu kikaburutwa, polepole, kikatulia.

Siku hizi Chepe anafuata zamu. Jua likisimama, kila kitu ndani. Msusi alikwenda kwao na vitana vyake, hakuaga kwa kelele, aliaga tu. Chepe bado anatengeneza nyua za watu. Akiulizwa kuhusu kivuli cha bati anasema hajui kuweka.

Na kila siku, kivuli kikishafika kishimoni, anafungua mlango, anatoka, anapeleka kiganja kwenye benchi. Katikati kuna vuguvugu pana, kama zamani. Pembeni yake, karibu karibu, kuna lingine, dogo, la makalio membamba ya mtu aliyekonda. Linakaa muda mrefu zaidi kabla ya kupoa. Chepe husema, "Mama, zamu imekwisha." Anasema kweli. Anasubiri aone kama safari hii ataaminiwa.