Kopo la Dirishani

Ukuta wa jiko letu ni wa samawati. Baba aliupaka rangi nikiwa mdogo. Alikuwa fundi rangi. Alichanganya rangi zake uani, nami nilikuwa mkuu wa makopo. Cheo hicho alinipa yeye.

"Mkuu, tuanze kazi!" aliniita.

Alimimina ndooni kopo moja la rangi ya bluu. Kopo tupu aliliweka dirishani. Kisha alimimina makopo matatu ya rangi nyeupe. Hayo alinipa mimi. Niliyapanga juu ya ukuta mfupi wa ua, midomo chini. Baba alikoroga huku akipiga mluzi. Harufu ya rangi ile naikumbuka mpaka leo.

Baba alipofariki, niliacha shule. Nikawa namsaidia mama kufua nguo za watu. Miaka ikapita, ukuta wa jiko ukaanza kubanduka. Nikatamani kuwa fundi rangi kama baba. Lakini chuo cha ufundi kilitaka cheti cha elimu ya msingi, kwa hiyo nikaingia darasa la watu wazima.

Mara ya kwanza nilifeli hesabu. Chuo kikakubali kunishikia nafasi mwaka mmoja tu. Nikifeli tena, nafasi ingekuwa ya mwingine.

Mwalimu wetu alikuwa jirani yetu. Darasani niliona haya kumuuliza. Siku moja alikuja kuchukua nguo zake, akanikuta nimeinamia karatasi ya mtihani uliopita.

"Hebu tuone, mwanangu. Hapa hakuna wa kukucheka."

"Mimi je?" mama akasema, akiwa anakunja shuka.

Tukacheka. Haya zikapungua, nikasoma swali:

"Rangi ya bluu na nyeupe zimechanganywa kwa uwiano wa 1 kwa 3. Mchanganyiko wote ni lita 24. Rangi ya bluu ni lita ngapi?"

"Ulijibu nini?" mwalimu akauliza.

"Nane. Niligawa ishirini na nne kwa tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Makopo ni matatu, Mwalimu," nikasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nayapanga mwenyewe pale ukutani."

Mama akaacha shuka. "Na la dirishani?"

"Lipi, mama?"

"La bluu! Baba yako aliliweka kando lisichafue yale meupe. Masikini, umemwacha mwenye shughuli nje!"

Nikageuka. Kwenye kizingiti cha dirisha bado palikuwa na alama ya duara, ya bluu. Nilikuwa naifuta vumbi kila siku.

"Basi, tuanzie hapo," mwalimu akasema. "Uwiano unatuonyesha mafungu. Bluu ni fungu moja. Nyeupe ni mafungu matatu. Ndani ya ndoo mna mafungu mangapi?"

"Manne."

"Haya, gawa."

"Ishirini na nne kwa nne ni sita. Bluu ni lita sita."

"Na nyeupe?"

"Sita mara tatu. Kumi na nane."

"Usiweke kalamu chini. Hakikisha kwanza. Jumlisha."

"Sita na kumi na nane... ishirini na nne!"

"Umeona? Kwa jibu lako la zamani, bluu ni nane, nyeupe inabaki kumi na sita. Hiyo ni mara mbili tu, si mara tatu."

"Jiko lingekuwa na giza mchana kweupe," mama akasema. "Na mkuu wa makopo angefukuzwa kazi."

Siku ya mtihani, swali lilikuwa la maji ya matunda. Maji ya chungwa na ya nanasi, 2 kwa 3, jumla lita 20. Nikafikiria dirisha letu. Mbili na tatu ni mafungu matano. Ishirini kwa tano ni nne. Chungwa lita nane, nanasi lita kumi na mbili. Nikajumlisha: ishirini. Ndipo nikaweka kalamu chini.

Nilifaulu. Chuoni nafasi yangu ilikuwa bado inanisubiri.

Likizo ya kwanza nilirudi na brashi zangu. Nikachanganya rangi ya jiko uani. Mama alisimama mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, anatazama. Nilipotaka kulipanga kopo la bluu pamoja na mengine, akanizuia.

"Aa, hilo lina mahali pake."

Nikaliweka dirishani, juu ya ile alama. Likakaa sawasawa. Kisha nikahesabu makopo yote manne, nikaanza kukoroga.