Mikono Mikavu

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: mumewe alirudi kutoka kazini, akalowesha mikono kwenye ndoo, ndipo akambeba mtoto.

Mkewe aliliona akalipenda. Wanaume wangapi hukumbuka kunawa kabla ya kushika kichanga? Ila hakutumia sabuni, wala hakujifuta. Alimwinua kwa viganja viwili, akamtazama, akamgeuza upande, akamtazama tena, kisha akamlaza taratibu. Nguo ya mtoto ilibaki inanuka chumvi, ingawa maji ya ndoo yalikuwa ya bomba.

Mume alikuwa nahodha wa boti ya hoteli, kwenye kisiwa cha wageni wa mapumziko. Mke alikaa kaunta ya gatini, mtoto kwenye kapu miguuni pake, akiwaeleza wageni namna za kuvua. Wapo wanaosimama ufukweni na fimbo, wapo wanaokaa mwambani na mshipi wa mkono, na wenye roho ngumu huenda maji makuu kufukuza samaki wa urefu wa mtu. Wengi hawali wanachokamata. Hupiga picha, wakakirudisha.

Siku hiyo nahodha alikuwa ameanguka majini. Aliyemweleza mkewe ni Redio, baharia mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Safari hii alisema kwa sauti ya chini. Mgeni alinasa kitu kizito, nahodha akainama kukitoa ndoana, akavutwa. Walimtafuta mpaka wakaanza kulia. Kisha akaibuka mwenyewe upande wa pili wa boti, ametulia tuli, ana kitundu kwenye pembe ya mdomo.

Mke akamuuliza habari ya mikono.

“Shemeji, samaki wa kurudishwa hushikwa kwa mikono iliyolowa, ute wake usichubuke. Mumeo ndiye aliyenifundisha.”

“Na wa kula?”

“Huyo hushikwa kwa mikono mikavu, asiteleze. Moja kwa moja kwenye sanduku la barafu.”

Mke alishangaa kwamba hakuogopa. Alikuwa kama ufizi uliochomwa ganzi. Anajua panauma, hasikii. Watu walimtendea wema na wema wenyewe ukapita mbali naye. Mpishi alileta supu bila kuombwa, Redio akashika zamu za mumewe. Mume alikaa alipokalishwa, alikula alichopewa, na kila alipomshika mtoto alipitia kwanza kwenye ndoo.

Mchana mmoja, mke akianika nepi nyuma ya nyumba, alisikia chumbani mlio wa gurudumu la mshipi, ule wa samaki anapokimbia na ndoana, naye alijua fimbo zote ziko gatini, basi akaingia polepole, nepi mkononi, akakutana na harufu ya maji ya chini kabisa ambako jua halifiki, na mumewe ameinamia kitanda, maji yakimchuruzika viwikoni, anampima mtoto kwa shubiri kutoka kisigino hadi utosini, huku sauti ikitoka kwenye kile kitundu, midomo yenyewe ikiwa imefumba:

“Bado mdogo. Arudi kwanza, akue.”

Redio ndiye aliyeleta mganga, mama mmoja mnene mwenye utani, aliyekataa kuanza kabla mke hajala. Alifukiza ubani, akasoma, akaingiza vidole kwenye pembe ya mdomo wa nahodha na kuvuta mpaka ikatoka ndoana nyeupe ya mfupa. Akaitia koponi, wakaenda kuitupa mbali na gati. Nahodha alilia, akaomba chai. Kitundu kikafunga.

“Lililomwingia limetoka, mwanangu,” mganga alisema, akamfunga mke kanga iliyolegea.

Nahodha alirudi kazini, akacheka tena, akataniana na Redio. Kumgusa mtoto tu ndiko alikokataa. Alisema anaiogopa mikono yake. Mke hakumlazimisha, lakini kila jioni alitamani amwone akimbeba mwanawe kama baba wengine. Mtoto akaota meno, akatambaa.

Alasiri aliyosimama na kupiga hatua yake ya kwanza, nahodha alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Aliipita ndoo bila kuitazama. Akainama, akamnyanyua mtoto kwa mikono mikavu, akamkumbatia kwa nguvu. Mke akatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akasikia kitu kifuani kikiamka.

“Amekua,” mumewe alisema. Pembe ya mdomo wake ilikuwa imelowa. “Lile sanduku la barafu liko wapi?”

“Nyuma ya mlango,” akajibu kwa mazoea, tabasamu likiwa bado usoni.